Mwalimu na Serikali, watu wawili wa bibi yangu

Bibi yangu mzaa mama yuko Newala na ana namna yake ya kusimulia mambo ya zamani ambayo nimekua nayo bila kuiwazia. Kwenye hadithi zake kuna watu wawili. Mmoja anaitwa Mwalimu, mwingine anaitwa Serikali. Mwalimu ndo alileta ngumbaru, bibi akiwa tayari ana watoto wanne akajifunza kuandika jina lake. Serikali ndo ilimhamisha mwaka 1974. Mwalimu aliwasaidia Wamsumbiji mpaka Mreno akaondoka, Serikali ndo ilikosa sabuni. Hajawahi hata siku moja kuchanganya, kizuri kina mwenyewe na kibaya kina mwenyewe, na ukimwambia bibi si ni yule yule anakukatiza, "aa mke mwenza, we hukuwepo."

Kweli sikuwepo, nimezaliwa Mwinyi akiwa ikulu. Ila mwezi uliopita nilikaa kwake wiki mbili, jioni zote tukawa na mjadala huu, na nimerudi Dar nikiwa na kitu kimenikaa kifuani nataka nikiandike kabla hakijapoa. Urais wa kwanza wa nchi hii, ule wa Mwalimu Nyerere wa 1962 mpaka 1985, huwezi kuukata vipande viwili kama bibi anavyofanya. Na sio bibi tu, hata humu mtandaoni wapo wanaochukua ukombozi wa Afrika wakaweka vijiji kando, na wapo wanaochukua foleni za sabuni wakasahau kila kingine. Mi naona ni kalamu moja. Maamuzi ya nje yaliyotupa heshima na maamuzi ya ndani yaliyowaumiza watu yalisainiwa kwa kalamu moja, na hiyo kalamu ilichongwa mapema sana, kabla hata hatujaitwa Tanzania.

Watu wengi wanasahau kwamba tulipopata uhuru 9 Desemba 1961 hatukuwa na rais. Mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Richard Turnbull yule yule aliyekuwa gavana, na Nyerere alikuwa waziri mkuu anayewajibika bungeni kama walivyo mawaziri wakuu wa kwao. Tena hakukaa muda, wiki sita tu baadae, Januari 1962, akajiuzulu akamwachia Rashidi Kawawa akaenda kuzunguka mikoani kukijenga chama chake, TANU. Hiki kitendo huwa nakiheshimu sana, mtu ametoka kupata nchi anaiweka chini. Lakini wakati yeye anazunguka, kule Dar ndo nyumba ilikuwa inajengwa. Mwaka ule ule 1962 ikapita sheria ya kuweka watu kizuizini bila mahakama, ikaja na katiba ya jamhuri, na tarehe 9 Desemba 1962 Nyerere akarudi akiwa rais, baada ya kumshinda Zuberi Mtemvu kwa kura ambazo hata hazikuwa za kushindana, zaidi ya asilimia 97.

Sasa ile katiba. Hoja ya serikali wakati ule ilikuwa kwamba watu wetu wamezoea mtawala mmoja, heshima haigawanyiki, ukiweka mkuu wa nchi huku na mkuu wa serikali kule utawachanganya. Kwa hiyo rais akawa vyote, mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, amiri jeshi mkuu. Na wakaweka kifungu kinachosema rais atatumia madaraka yake kwa uamuzi wake mwenyewe na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote. Nilikisoma kifungu hiki mara tatu nne nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha bibi. Kila kitu nilichokuwa nasimuliwa jioni zile, kizuri na kibaya, nilikuwa nakiona kinapita kwenye hicho kitundu kimoja.

Halafu ikaja Januari 1964, na mi naamini mwezi ule ulimbadilisha Mwalimu kuliko mwaka wowote. Tarehe 12 Mapinduzi Zanzibar, tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles kule Colito, ndo Lugalo ya leo, wakaasi wakidai mishahara na maofisa Waingereza waondoke. Rais akafichwa. Siku chache nchi haina mwenyewe, na tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashuka wakawanyang'anya waasi silaha. Jaribu kujiweka kwenye nafasi yake, umepigania uhuru miaka yote ile, halafu miaka miwili baadae unalazimika kumwomba yule yule uliyemtoa aje akuokoe na jeshi lako mwenyewe. Ile ilikuwa aibu ya kumkaa mtu rohoni, na nikiangalia aliyoyafanya baada ya pale naona kama mtu anayeapa haitatokea tena. Jeshi likavunjwa, JWTZ ikazaliwa 1 Septemba 1964 na vijana wengi waliotoka TANU, askari wakaruhusiwa kuwa wanachama. Chama cha wafanyakazi kilichokuwa huru kikafutwa, ikaundwa NUTA chini ya mbawa za serikali. Muungano ukasainiwa 22 Aprili na tarehe 26 ukawa sheria, siku nne. Na 1965 tukawa nchi ya chama kimoja kwa katiba, TANU bara na ASP visiwani.

Hapa niseme kitu cha haki, maana kuna watu wanaandika kama vile chama kimoja kilikuwa gereza tu. Uchaguzi wa 1965 ulikuwa na wagombea wawili wawili karibu kila jimbo, mmoja alama ya jembe mwingine nyumba, na watu waliwaangusha vigogo kweli, hata aliyekuwa waziri wa fedha, Paul Bomani, alipoteza jimbo. Mwaka uliofuata ikaanza kazi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambapo mwananchi wa kawaida angeweza kumshtaki ofisa aliyemwonea, na Afrika hii hakuna aliyetutangulia kwa hilo. Kwa hiyo kumkataa mbunge uliweza, kumlalamikia ofisa uliweza. Rais ndo hakuwa na wa kushindana naye, karatasi yake ilikuwa ndiyo au hapana.

Twende nje ya nchi, maana huku ndo bibi anapanga kabisa viti vya kumsifia Mwalimu, na mi huku nakaa naye.

Mwaka 1965 peke yake, yaani ukiusoma unachoka. Wajerumani wa Magharibi walikuwa wametukasirikia kwa sababu Wajerumani wa Mashariki walikuwa na uwakilishi Zanzibar na baada ya muungano wakaruhusiwa kubaki na ubalozi mdogo Dar, serikali ya Magharibi kule Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi ikidhani tutarudi magotini, Nyerere akawaambia basi chukueni na uliobaki. Nchi haina hata miaka minne. Februari ile ile akaenda Beijing, Juni Zhou Enlai akaja Dar. Januari yake maofisa wawili wa ubalozi wa Marekani walikuwa wameshafukuzwa. Halafu Novemba wazungu wachache wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, Uingereza haikutuma hata askari mmoja, OAU, umoja wa nchi za Afrika, ikasema ikifika 15 Desemba Uingereza haijachukua hatua wanachama wote wavunje nao uhusiano. Wote wakapiga makofi. Siku ilipofika, nchi zilizovunja kweli hazikufika kumi. Tanzania ilikuwemo, na hiyo ilimaanisha mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tunausubiri ukafungiwa. Milioni saba na nusu za wakati ule, kwa nchi iliyokuwa inahesabu wahandisi wake kwa vidole.

Nauliza, ni bunge gani lingekubali hilo? Ni kamati gani ingekaa ikasema sawa, tupoteze hela yote hiyo kwa ajili ya watu wa Rhodesia? Ninavyoona mi lingejadiliwa, lingeundiwa tume, tarehe ingepita. Lilifanyika kwa sababu palikuwa na mtu mmoja ambaye hakulazimika kufuata ushauri wa yeyote, na mtu huyo alikuwa na msimamo. Najivunia lile tendo mpaka leo. Na ndo maana linanisumbua.

Kwa watu wa Newala lakini sera ya mambo ya nje haikuwa kitu cha kusikia redioni. Ukisimama pale ukingoni Shimo la Mungu unaangalia bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilizaliwa Dar tarehe 25 Juni 1962, na vita vyao vilipoanza Septemba 1964 wapiganaji walitokea huku kwetu, kambi yao kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea. Bibi anakumbuka wakimbizi wakipanda mlima na watoto mgongoni, wengine ndugu kabisa, maana Mmakonde hajawahi kuutambua huo mpaka. Anakumbuka ndege za Mreno, na anakumbuka watu waliokanyaga mabomu ya ardhini kwenye mashamba ya bondeni. Vijiji vya mpakani vililipa bei ambayo watu wa Dar waliilipa siku moja tu labda, 3 Februari 1969, pale kifurushi chenye bomu kilipomuua Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO. Nilimuuliza bibi mlikuwa hamuoni kwamba Mwalimu anawaletea vita isiyo yenu? Akaniangalia kama nimetukana. "Isiyo yetu ya nani, wale si watu?" Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975, na bibi anasema ngoma zilisikika pande zote mbili za mto.

Reli ya TAZARA nayo, ya kutoka Dar kwenda Zambia. Benki ya Dunia na nchi za magharibi walikataa, wakasema haitalipa, Zambia iendelee kusafirisha shaba kupita Rhodesia. China yenyewe ikiwa nchi masikini ikatoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza 1970 na 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi, kilometa 1,860 kutoka Dar. Kuna makaburi Gongo la Mboto ya Wachina zaidi ya 60 waliofia huku, nilipita pale mara moja, ni mahali pametulia sana, kama hujawahi kufika nenda. Kaunda na Nyerere walikuwa wanahitaji njia isiyopita kwa makaburu, na waliipata. Na China haikusahau nayo, wala sisi hatukuisahau, Oktoba 1971 ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa Salim Ahmed Salim alikuwa balozi wetu kule New York na furaha yake ilionekana mbele ya kila mtu. Miaka kumi baadae akigombea ukatibu mkuu wa umoja huo Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, raundi baada ya raundi.

Hata wanamichezo walilipa. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, na dunia nzima ilikuwa inasubiri akutane na John Walker wa New Zealand kwenye Olimpiki ya Montreal 1976. Hakukimbia. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi nyingi za Afrika zikasusa michezo, na sisi tulikuwa mbele kabisa. Walker akachukua dhahabu. Nikimuwaza kijana amejiandaa miaka na miaka halafu anaambiwa ubaki, naumia, na wakati huo huo siwezi kusema ilikuwa makosa.

Basi nirudi kwa bibi, 1974.

Novemba 1973 rais alitangaza kwamba kuishi kwenye vijiji sasa ni amri, ikifika mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Waraka wa Ujamaa Vijijini wa Septemba 1967 ulikuwa umesema watu washawishiwe, waje kwa hiari, na miaka sita ile wengi hawakuja. Huku kusini sababu ya usalama ilikuwepo pia, vijiji vya karibu na mto vilikuwa vinashambuliwa kweli, kwa hiyo ona vita ya nje na operesheni ya ndani zilivyoshikana mikono. Bibi alikuwa anaishi na familia yake katikati ya mikorosho yake, mingi aliipanda mwenyewe na babu, mingine aliikuta. Walikuja watu wa operesheni na mgambo, wakapewa siku chache, nyumba ikaezuliwa paa ili wasirudi. Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa mguu kutoka kwenye mikorosho. Anayeijua korosho anajua hiyo maana yake nini. Mkorosho unataka kupaliliwa, nyasi zikiota chini korosho ikidondoka huioni, moto wa kiangazi ukipita umekwisha, na huwezi kutembea saa mbili na nusu kwenda na saa mbili na nusu kurudi kila siku na kikapu kichwani na mtoto mgongoni. Waliacha. Wilaya nzima iliacha. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani kama 145,000 za korosho, tulikuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia, na msimu wa 1986/87 zilikuwa zimebaki kama 16,500. Zipo sababu nyingine, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ukungu wa unga uliingia, lakini muulize mzee yeyote wa Newala au Tandahimba atakuanzia na kuhamishwa.

Na hiki ndo kinachoniuma. Kijana yeyote wa Newala angeweza kukuambia 1973 kwamba hii kitu itaua korosho. Haikuhitaji mtaalamu. Ila ilikuwa ipite wapi hiyo habari mpaka ifike juu? Machifu waliondolewa 1963, na Mwalimu mwenyewe mtoto wa chifu, nadhani alikuwa sahihi kwa hilo. Chama kingine cha siasa hakikuwepo tangu 1965. Wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya JKT walirudishwa makwao karibu 400, na siku hiyo hiyo rais akajikata mshahara wake asilimia 20, ndo alivyokuwa, hakuomba mtu kitu ambacho yeye hatoi. Oscar Kambona, waziri na kigogo wa TANU, alijiuzulu 1967 akaenda London. Bibi Titi, mwanamke aliyejaza watu kwenye mikutano ya TANU kabla wengi hawajamjua Nyerere, aliachia uongozi kwa sababu ya masharti ya Azimio la Arusha la 1967 juu ya nyumba za kupangisha, akaja kukutwa na hatia ya uhaini akafungwa, akasamehewa 1972. Mwaka huo huo wa 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa, wakaletwa watendaji kutoka juu, na ajabu mpango wenyewe uliitwa Madaraka Mikoani. 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Kila mdomo ambao ungeweza kusema hapana ulikuwa umeshafungwa, mmoja mmoja, na kila ulipofungwa palikuwa na sababu ambayo ukiisikiliza peke yake ina mantiki. Umoja, mipango, kasi, maadui wako nje na kweli walikuwepo.

Nilimsikiliza bibi nikawa nafikiria ile 15 Desemba 1965. Hakuna aliyeweza kumzuia Mwalimu kuvunja uhusiano na Uingereza, na hakuna aliyeweza kumzuia kuhamisha Newala.

Vita vya Kagera ni hivyo hivyo. Idi Amin wa Uganda alivamia Oktoba 1978, akatangaza kipande cha ardhi yetu kuwa chake, na hotuba ile ya sababu, nia na uwezo kila Mtanzania anaijua hata kama hajazaliwa wakati ule. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Kuwasukuma wavamizi mpaka mpakani ilikuwa jambo moja, kuendelea mpaka ikulu ya nchi nyingine lilikuwa jambo lingine ambalo wakuu wengi wa OAU hawakulipenda, na aliamua. Mjomba wangu alikwenda, akarudi, hajawahi kusimulia. Uchumi ulikuwa tayari mgonjwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, mafuta yamepanda, na vita ikamalizia. Zile ndo foleni za sabuni za bibi, sukari, kibiriti, kanga ya kuzikia mtu. Na IMF ilipokuja na masharti yake Nyerere akawauliza hadharani nani amewachagua kuwa wizara ya fedha ya kila nchi. Sentensi nzuri kabisa, mpaka leo watu wanainukuu. Ila madukani hakukuwa na kitu.

Tunachomshukuru ni kwamba aliondoka. 1984 katiba ikarekebishwa, ikawekwa haki za binadamu na ukomo wa mihula miwili ya miaka mitano, na 5 Novemba 1985 akamkabidhi Mwinyi. Marais wangapi wa kwanza Afrika waliondoka kwa miguu yao? Senghor alitangulia, Ahidjo, halafu yeye. Aliwahi pia kusema mwenyewe kwamba katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta, kwa hiyo alijua anashika nini. Ukomo wa mihula umetuokoa, nasema kwa moyo wote. Ila ukomo unasema rais atakaa muda gani, hausemi akiwa pale atamsikiliza nani.

Usiku wa mwisho kabla sijarudi nilimsomea bibi Ibara ya 37 ya katiba tuliyo nayo sasa hivi, ya 1977, kwenye simu yangu, taratibu. Inasema Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote, isipokuwa pale katiba au sheria inapomtaka aufuate. Nikamweleza kwamba maneno haya yana umri wa karibu sawa na mama, yalianza 1962, yametoka katiba hadi katiba. Bibi akataka nirudie, nikarudia. Akauliza, "Na ile mikorosho, hakuna aliyemwambia?"

Nikamwambia bibi wa kusema walikuwa madiwani, na madiwani walikuwa wamefutwa miaka miwili kabla hamjahamishwa.

Akakaa kimya kidogo. Akasema diwani wao alikuwa mzee mmoja mkali sana, wa kutoka upande wa bondeni, asingenyamaza yule.